Tupeane uzoefu: fayawoli ya kompyuta nyumbani, mnaiwasha au mnaizima?

Mpangaji, Lanet (Nakuru)
Wadau, hamjambo. Mwenye ploti ametuwekea waifai moja, nywila moja, wapangaji wote tunaitumia. Nimenunua kompyuta ya mkono wa pili, na aliyeniuzia alikuwa ameshazima fayawoli ya Windows, ati inafanya mashine iwe nzito. Shemeji yangu anasema ruta, kile kisanduku cha waifai, inatosha. Aliyeyaona kwa macho yake aseme. Za kusikia tunazo tele.

Fundi, Kondele
Iwashe leo. Fayawoli haichakuri mafaili kama antivirusi, kazi yake ni kuangalia nani anabisha hodi, kwa hiyo hata mashine kuukuu haiilemei. Shemeji yako ana haki nusu: ruta huzuia wanaobisha kutoka nje. Lakini jirani wa chumba cha pili yuko ndani ya ruta hiyo hiyo. WannaCry (kirusi cha kompyuta) ya Mei 2017 ilienea kupitia mlango wa 445, ule wa kugawana mafaili, ikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Kiraka cha Microsoft, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, kilikuwa kimetoka tangu Machi, ila wengi hawakuwa wamekiweka.

Kuna mteja wangu Nyalenda aliyefungua orodha ya kompyuta za mtandao akakuta folda nzima ya picha za harusi ya watu asiowajua. Kumbe ni laptopu ya mpangaji wa juu, kugawana kumeachwa wazi na fayawoli imezimwa. Tulipanda ngazi tukamwambia. Alikasirikia sisi!

Mama Printa, Kakamega
Mimi nachapisha ratiba za mazishi nyumbani, na Ijumaa usiku hakuna kulala. Tulipobadilisha ruta, laptopu ikaacha kuiona printa iliyounganishwa na kompyuta kubwa. Kijana wangu akataka kuzima fayawoli yote, nikamkatalia. Shida ilikuwa ndogo tu: Windows ilikuwa imeuhesabu mtandao mpya kuwa wa umma, yaani wa watu usiowajua, ikafunga kugawana. Tukaubadilisha uwe wa binafsi kwenye mashine zote mbili, tukaruhusu kugawana mafaili na printa, karatasi zikaanza kutoka. Familia ilikuwa imeshapiga simu mpaka basi.

Mzee wa saiba, Kisumu
Vijana hamkuiona Blaster, kirusi cha 2003. Unafungua Windows XP, mara kisanduku kinahesabu sekunde 60, mashine inajizima na kuwaka tena, na saa ya mteja inaendelea kukimbia. XP ilikuja na fayawoli, ila haikuwa imewashwa. Ni Service Pack 2, sasisho kubwa la Agosti 2004, iliyoiwasha yenyewe. Mtu akiniambia aizime, namwangalia tu.

Mwanafunzi, Njoro
Wa Ubuntu, sisi tusiotumia Windows, msijisahau: fayawoli yake, ufw, inakuja ndani lakini imelala. Kwenye terminal andika `sudo ufw enable`, halafu `sudo ufw status` uhakikishe. Zinazotoka zinapita, zinazoingia bila kuitwa zinakataliwa.

Mdau, Busia
Mimi yangu ilikuwa imewashwa na bado nilipigwa. Flashi ilitoka kuchapishiwa barua, kuirudisha nyumbani folda zote zimegeuka shotikati.

Fundi, Kondele
@Mdau, hiyo iliingia kwa mkono, haikupitia mtandao. Hapo ni kazi ya antivirusi. Na ukimpa tapeli nywila yako kwenye ukurasa bandia, fayawoli itakutazama tu.

Mpangaji, Lanet (Nakuru)
Asanteni. Nimeiwasha, mwendo ni ule ule. Sasa mchezo wa mtoto unaomba ruhusa, na Windows inauliza mtandao huu ni wa binafsi au wa umma. Si ni nyumbani, niseme binafsi?

Mama Printa, Kakamega
La, ndugu yangu! Mimi ruta ni yangu peke yangu. Wewe nywila inajulikana na ploti nzima. Weka umma.

Fundi, Kondele
Mama amemaliza. Mchezo nao ukatalie kwanza. Mingi inacheza tu hata bila ruhusa hiyo, huhitaji mpaka mtoto atake kucheza na mwenzake wa chumba cha pili.