Mwalimu nataka kuhamia mawasiliano, nisome masta?

mwalimu_mchovu: Wakuu habari, nina digrii ya ualimu, Kiswahili na Historia, nataka kuwa afisa uhusiano, je nipige masta ya mawasiliano ya umma?

mdau_mwanza: SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) ipo, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) pia pale SJMC, shule yao ya uandishi wa habari. Ada unaweza kuikopa mkuu, ila disatesheni, ule utafiti wa mwisho, ilinila mwaka mzima na bado nilikuwa kazini, jipange.

dada_habari: Subiri kwanza. Soma matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, afisa habari wa serikali wanataka digrii ya kwanza ya uandishi wa habari au mawasiliano, masta juu ya ualimu wanaweza wakakukata mapema tu. NGO ndo wanaangalia kazi zako, anza kuandika habari za shule yako, picha tunza.

mwalimu_mchovu: Duh, afadhali nimeuliza.