Mikoko tulopanda Tudor yote imekufa, tumekosea wapi?

Hamjamboni wana Mombasa. Kikundi chetu tulipanda mikoko kule chini Tudor, upande wa majini kabisa, miche ikachipua vizuri halafu sai imekauka, mingine mashina yamejaa vidude vyeupe vigumu kama mawe. Inaniuma kusema kweli, tulitia jasho pale. Ama maji machafu?

Jibu 1:
Pole sana ndugu. Mlipanda mkoko wenyewe, ile yenye mizizi ya magongo? Ule hautaki kukaa mbele kabisa ambako maji yanaufunika muda mrefu na mawimbi yanaupiga, kule mbele ni kwa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko unafuata nyuma yake, halafu aina za muia na mkandaa, na aina ya mchu ndo mvumilivu utaukuta hadi juu kwenye chumvi kali, ukilamba jani lake utaonja chumvi maana inatolea pale. Hivyo vidude vinashika mche vinauelemea.

Jibu 2:
Naongezea, angalieni na matope. Mlilana na mchu zinapumua kwa vile vijiti vinavyochomoza chini, vikifukiwa mti unakosa hewa unakufa umesimama. Kule hori ya Mwache, hapa Mombasa, mvua za El Niño za 1997/98 zilishusha udongo mwingi mno mikoko ikafa eneo kubwa.

Muulizaji:
Shukran sana wakubwa! Kumbe ni mkoko mtupu tulipanda. Mbegu za mlilana naokota wapi?

Jibu 1:
Chini ya miti mikubwa, matunda ya kijani yana kikombe kama nyota. Yanaanzwa kitaluni kwanza, usichomeke moja kwa moja.