Chachu inakwama kwenye maji ya makapi ya miwa

Wakuu, chachu yetu ya Saccharomyces inachachusha molasi vizuri, lakini kwenye maji ya makapi ya miwa yaliyochemshwa kwa asidi inalala. Asidi asetiki ni gramu 4 kwa lita, pH 4.5. Zailosi, sukari iliyomo kwenye makapi, haiguswi kabisa. Tuanzie wapi?

Jibu
Anza na pH, mkuu. Kwenye 4.5 karibu 65% ya asidi asetiki haijavunjika kuwa ioni, na ndiyo inayopenya utando wa seli; kwenye 5.5 inabaki kama 15%. Kisha izoeshe chachu: anza na asidi asetiki gramu 2 kwa lita, hamisha sehemu 1 kwa 50 kwenye chakula kipya ikiwa bado inakua kwa kasi, ongeza nusu gramu kasi ikirudi. Kila hatua gandisha sampuli kwa -80°C na gliseroli 20%.

Jibu
Naongezea: kabla ya kushangilia, ikuze vizazi 10 bila asidi, halafu irudishe. Ikilala tena, ilikuwa imezoea tu, haijabadilika kijenetiki. Ipande pia kwenye sahani ya gliseroli. Isiyoota imepoteza uwezo wa kupumua, itupe.

Jibu
Zailosi haiji kwa kuzoesha peke yake. Weka jeni ya isomerasi ya zailosi (kimeng'enya kinachoigeuza zailosi kuwa zailulosi) kutoka kuvu Piromyces, ongeza nguvu ya XKS1, jeni ya chachu inayoiendeleza zailulosi, na ondoa jeni yake ya GRE3. Ukiiacha GRE3, zailosi inageuzwa zailitoli (alkoholi ya sukari), na zailitoli inaizuia isomerasi uliyoihangaikia. Hapo ndipo uzoeshe, sukari ikiwa zailosi pekee.