Naomba ushauri: mwanangu bado haunganishi maneno

Habari zenu wapendwa. Naombeni mawazo, hasa wazazi mliopitia tiba ya usemi na watoto wenu.

Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 7. Ana maneno kama 15 tu, na hajawahi kuunganisha mawili, hata "mama njoo". Kuelewa anaelewa: ukimwambia lete kiatu, analeta. Anaonyesha kwa kidole, anakutazama usoni. Masikio yamepimwa, yako sawa.

Tiba tuko wiki ya sita, mara moja kwa wiki. Nyumbani namsomea vitabu vya picha, na akisema "gari" naongezea, "gari jekundu". Kinachoniumiza ni hili: mtaalamu ameniambia nisimpe haraka anachokionyesha, nisubiri ajaribu kutamka. Basi analia mpaka anajitupa chini, na neno halitoki.

Je, nyie mlisubiri kwa muda gani kabla ya kumpa mtoto kitu? Na pili, nyumbani tunazungumza lugha mbili. Bibi yake anasisitiza tuache moja, lakini ndiyo ninayombembelezea tangu azaliwe, moyo unakataa. Kuna aliyeendelea na zote mbili wakati wa tiba?