Naomba ushauri: starehe zisizo na gharama ambazo hazichoshi baada ya wiki mbili

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kodi imepanda, nauli imepanda, chakula ndiyo usiseme. Fungu la starehe limefutwa kabisa kwenye bajeti ili mengine yaende. Kaya ni ya watu wazima wawili na watoto wawili, miaka 7 na 11.

Ushauri wa kawaida wa "tembeeni, kaeni pamoja" unakwama sehemu tatu. Matembezi ya bure yanaishia kwenye soda na vitafunwa. Kinachofurahisha wiki ya kwanza kinachosha wiki ya tatu. Na jioni kila mtu anaishia kwenye simu yake. Naomba vitu mahususi: kifanyike nini, kwa muda gani, kinahitaji nini na kinaharibikia wapi. Orodha ndefu ya mapendekezo hamsini haitasaidia.

Kibubu

Mkuu, hayo matatu yana chanzo kimoja. Anayenunua tiketi ananunua pia siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na kitu kimoja cha kutazama. Starehe ya bure haiji na hayo, usipoyaweka mwenyewe inageuka kuwa kuzurura, na kuzurura kunachosha haraka.

Kwa hiyo chagua siku moja ya wiki na uitangaze siku tatu kabla, kwa saa kamili. Kungojea ni nusu ya raha, hasa kwa mtoto wa miaka 7. Muda uwe saa moja hadi saa moja na nusu, na mrudi watoto wakiwa bado wanataka kuendelea. Wengi hukosea hapo: wakiona watu wamefurahi wanaongeza muda, kisha kinachokumbukwa ni uchovu na vilio vya njiani.

Kuhusu fedha kuvuja: kuleni nusu saa kabla ya kutoka. Bebeni nusu lita ya maji kwa kila mtu, na zaidi kama jua ni kali. Kama kuna cha kutafuna, kiliwe mkianza safari ya kurudi. Fedha hazitoki mwanzoni mwa matembezi, zinatoka wakati wa kurudi, watu wana njaa na maduka yanakaribia. Chagua njia isiyopita madukani hata kama inaongeza dakika 10. Fedha ya dharura ikae kwenye bahasha iliyogundishwa. Bando la intaneti nalo lihesabiwe. Starehe inayokula bando si ya bure.

Kuhusu kuchosha, jambo lolote linalojirudia vilevile hupoteza ladha hata likiwa zuri namna gani. Kuwa na mambo manne tofauti na yazungushe, kila moja lirudi baada ya wiki nne. Msilifanye hilohilo Jumamosi mbili mfululizo hata watoto wakiomba. Wakiomba ndiyo dalili kwamba linaendelea kufanya kazi, liache hivyo.

Kilimia

Jambo la kwanza kati ya hayo manne liwe anga. Watu hutoka nje, wanatazama juu dakika tano, wanaona nukta chache, wanarudi ndani. Wameondoka kabla macho hayajawa tayari. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili lifikie uwezo wake, na kuangalia simu mara moja tu kunakurudisha nyuma. Simu zibaki ndani. Kama lazima kuwe na mwanga wa kuonea njia, funika tochi kwa kitambaa chekundu kilichokunjwa mara kadhaa. Mwanga mwekundu hafifu hauharibu uoni wa usiku kama mweupe.

Tandikeni mkeka mlale chali, maana shingo ikiuma mtoto ataomba kurudi. Chagueni siku zilizo karibu na mwezi mwandamo. Mwezi mpevu unameza nyota nyingi, ila usiku huo ni mzuri kwa matembezi bila taa. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, kwa hiyo ukijua tarehe moja unaweza kupanga miezi mingi mbele.

Mpe kila mtoto kazi. Wa miaka 11 atenganishe nyota na sayari: nyota humetameta, sayari hutoa mwanga uliotulia. Zuhura ndiyo inayong'aa kuliko zote na haionekani katikati ya usiku. Tafuta upande wa machweo jioni, au upande wa mawio alfajiri, kutegemea na majira. Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota kama ukungu. Mwenye macho ya kawaida huhesabu sita. Ukikikodolea macho moja kwa moja kinafifia, ukitazama pembeni yake kidogo kinang'aa zaidi, kwa sababu pembezoni mwa jicho ndipo penye hisia kali ya mwanga hafifu. Mwonyeshe mtoto hilo afanye mwenyewe, atarudia mara kumi.

Wa miaka 7 mpe chombo kinachopita. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kiko umbali wa takriban kilomita 400 juu yetu na huzunguka dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Kinaonekana kwa macho matupu katika saa moja au mbili baada ya jua kuzama au kabla ya kuchomoza, kama nuru kali isiyopepesa inayokata anga kwa dakika chache. Taa zikiwaka na kuzima, hiyo ni ndege. Wakati mwingine kinapotea katikati ya anga bila wingu lolote: kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Hakipiti juu ya kila mji kila jioni, kwa hiyo tazama ratiba ya eneo lako kabla ya kuahidi.

Weka pia usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, kilele cha vimondo vya Geminidi. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8 usiku ndiyo muda mzuri. Kaeni angalau saa nzima, maana vimondo havina mpangilio: dakika kumi kimya, kisha vitatu mfululizo.

FundiTiara

Hapo kwenye mambo manne ongeza tiara. Nyingi hazipai kwa sababu za hesabu ndogo tu, kwa hiyo nitaandika vipimo.

Vijiti viwili vyembamba, vyepesi, vilivyonyooka: cha wima sentimita 80, cha mlalo sentimita 70. Fungeni msalaba, makutano yawe sentimita 20 kutoka juu. Kabla ya kuendelea, weka kijiti cha wima juu ya kidole, katikati. Upande mmoja ukiinama, punguza kijiti cha mlalo upande huo kwa kisu. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofanya tiara ilalie upande mmoja siku zote.

Kata mfuo mdogo kwenye ncha nne, zungusha uzi kupitia ncha hizo, ukazwe bila kupinda vijiti. Tandika mfuko mkubwa wa plastiki nyepesi, kata ukizidisha sentimita 2 pande zote, kunja juu ya uzi na gundisha. Kisha uzi wa hatamu: urefu wa sentimita 100 ukishafungwa, kutoka ncha ya juu hadi ncha ya chini, upande wa mbele. Funga kitanzi kwenye uzi huo, sentimita 34 kutoka ncha ya juu. Hapo ndipo uzi wa kurushia unapofungwa. Mkia mita 4, wenye vipande vya kitambaa.

Kurusha hakuhitaji kukimbia. Anayerusha aupe upepo mgongo, msaidizi asimame mita 20 mbele yake akiwa ameinua tiara, aiachie upepo unapovuta. Upepo unaotikisa majani bila kukoma unatosha. Ikizunguka kama pia, ongeza mkia nusu mita. Ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, sogeza kitanzi juu sentimita 1. Ikipanda kisha ikalegea bila kuvuta, kishushe sentimita 1. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Usirushe karibu na nyaya za umeme, usitumie waya badala ya uzi, na mawingu ya radi yakionekana shusheni mara moja. Tiara ikinasa kwenye nyaya, iacheni huko huko.

Mleta mada

Asanteni sana, hivi ndivyo nilivyokuwa natafuta. Swali la ziada: siku za kukaa ndani je? Na yule wa miaka 7 hakai kimya zaidi ya dakika chache.

ChumbaCheusi

Mchana wa jua kali, geuzeni chumba kuwa kamera. Chagua chumba chenye dirisha moja linalotazama nje penye mwanga mwingi. Ziba dirisha lote kwa maboksi au mablanketi mazito, ziba na upenyo wa chini ya mlango. Toboa tundu moja la duara, upana wa sentimita 1. Ukuta wa mbele yake uwe mweupe, au ning'iniza shuka jeupe mita 2 hivi kutoka dirishani.

Zimeni taa mngoje dakika 10. Kinachotokea ukutani ni picha ya nje, yenye rangi zake, imepinduka: mbingu iko chini, miti inaning'inia, na mtu akipita barabarani anatembea kichwa chini kutoka upande wa pili. Mtoto mmoja atoke nje arukeruke, mwingine amwone ukutani. Kwa asiyeweza kukaa kimya, hiyo ndiyo kazi yake.

Picha ikiwa hafifu mno, kuna mwanga unavuja mahali. Zibeni kwanza kabla ya kupanua tundu. Tundu likiwa kubwa picha inang'aa lakini inakuwa na ukungu. Inapinduka kwa sababu mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka: unaotoka juu hupita tunduni ukaangukia chini. Mwanasayansi Ibn al-Haytham wa Basra, Iraki, aliyezaliwa yapata mwaka 965, alilichunguza jambo hili kwa kina. Onyo moja: asichungulie mtu jua kupitia tundu.

Siku ya mvua chezeni drafti. Boksi la sentimita 40 kwa 40, miraba 64 ya sentimita 5, vizibo vya soda 12 kila upande, vya mmoja vimelala na vya mwingine vimepinduliwa. Mraba mweusi uwe kona ya kushoto ya kila mchezaji. Mkubwa aanze na vizibo 9 anapocheza na mdogo, mchezo uwe wa kweli bila kumwachia makusudi.

Masikio

Kwa wa miaka 7, ramani ya sauti. Karatasi, penseli, alama ya X katikati ambayo ni yeye. Kila sauti anayoisikia anaichora upande ilikotoka, karibu au mbali. Mikono ina kazi, kwa hiyo mwili unatulia. Anza na dakika 3, ongeza moja kila mara. Alfajiri ndiyo bora, ndege huimba zaidi wakati huo.

Nduguzo

Mmegusa watoto, mmesahau watu wazima. Maisha yakipanda watu hukatana kwa aibu ya kutokuwa na cha kuandalia mgeni, na hilo linaumiza kuliko kukosa sinema. Dawa ni mwaliko unaosema wazi. Tuma hivi: "Jumamosi saa 10 jioni tunatembea saa moja, kila mtu na chupa yake ya maji, hakuna mchango wala kuandaa chochote." Maneno ya mwisho ndiyo yanayowaleta watu. Usiandike "tutaona", kila mmoja ataanza kuhesabu atakachotakiwa kutoa. Na usigeuze baada ya mwezi ukaanza kuandaa, wenzako watajiona wana deni.

Na jingine: kama mtu mzima hapo nyumbani hafurahii tena hata vitu alivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huo si uvivu na tiara haitatosha. Aende kumwona mhudumu wa afya.

Mleta mada

Nimeelewa. Wiki ya kwanza tiara, ya pili anga, ya tatu chumba cheusi, ya nne matembezi na marafiki. Ratiba iko ukutani tayari. FundiTiara, mfuko wa plastiki uliochanika kidogo unafaa?

FundiTiara

Unafaa ukiziba mpasuko mbele na nyuma kwa selotepu, na kwenye nusu ya pili ya tiara uweke kipande cha uzito uleule ili isilemee. Kisha rudia kuipima kidoleni.