Stelingi wa komiki asiyejulikana anaweza kubeba muvi?

Mdau_Mwanga (Kigoma)
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi naombeni mnisaidie. Hapa Mwanga kuna kibanda umiza namsaidia jamaa kuchagua muvi za wikiendi, sasa yeye msimamo wake ni kwamba stelingi asiyejulikana halipi, weka Spider-Man, weka Batman, biashara imeisha. Hao wengine wa kwenye komiki (vile vitabu vya hadithi za picha) ambao hata Wamarekani wenyewe wengi walikuwa hawawajui anasema ni hasara tupu. Nikamwambia mbona Guardians of the Galaxy ya 2014 iliingiza zaidi ya dola milioni 770, na kabla ya hapo Groot nani alikuwa anamjua, mti unaotembea unaosema sentensi moja tu? Kanijibu ile ni bahati. Ni bahati kweli?

Isevya_Damu (Tabora)
Mkuu hakuna bahati hapo. Anza na Blade ya 1998, huku Tabora tumeikuta inaonyeshwa na kurudiwa mpaka watu wanajua mapigo yote. Yule jamaa alitokea mara ya kwanza 1973 kwenye komiki ya Dracula, ni mtu wa pembeni tu, anawinda vampaya na visu vya mbao na miwani mikubwa usoni, nguvu zenyewe hana, kinachomsaidia ni kwamba vampaya wakimng'ata hageuki kuwa mmoja wao. Waliotengeneza muvi wakambadilisha, wakamfanya nusu mtu nusu vampaya, wakampa koti refu jeusi na upanga, wakamchukua Wesley Snipes anayejua kupigana kweli. Bajeti kama milioni 45 za dola, ikarudisha kama 131. Na kumbuka Marvel, kampuni yenye komiki hiyo, walikuwa wametoka kufilisika 1996, jina lao halikuwa na mvuto wa sasa, kwa hiyo muvi ilijibeba yenyewe. Halafu kutojulikana kwenyewe ni faida, ukimgusa Superman dunia nzima inapiga kelele ila Blade nani angelalamika kwamba umembadilisha.

Men in Black ndo hivyo hivyo, ilitoka kwenye komiki ndogo sana ya 1990, nzito, ina mpaka mashetani na watu wanaogeuka mbwa mwitu. Wao wakabakiza viumbe wa sayari nyingine, wakaifanya vichekesho, 1997 ikaingiza karibu milioni 590.

Kaka_wa_Katonga
Mnachagua zilizofanikiwa tu. Mbona hamtaji Jonah Hex ya 2010? Stelingi Josh Brolin, huyu huyu aliyekuja kuwa Thanos, yule adui mkubwa wa kwenye Avengers, bajeti kama milioni 47 ikarudisha kama 11, ilibuma vibaya mno. Kuna Morbius 2022, kuna Madame Web na Kraven zote 2024, hao wote watu wa pembeni kwenye komiki za Spider-Man wakapewa muvi zao bila Spider-Man mwenyewe, na Kraven imetoka na milioni 62 tu. Na hiyo Guardians yenu ilikuwa muvi ya kumi ya Marvel Studios, miaka miwili tu baada ya Avengers iliyoingiza bilioni moja na nusu, watu walifuata nembo. Mwenye kibanda ana haki yake, yeye anatafuta hela ya mafuta ya jenereta.

Bint_Ujiji
Naomba niongee kaka zangu. Kwanza huku kwetu nani amewahi kushika komiki ya Marvel? Mimi nimekulia Ujiji sijawahi kuiona inauzwa popote. Iron Man tumemjua kwenye muvi, Thor kwenye muvi, kwa hiyo kwa mtazamaji wa Kigoma wote hao walianza wakiwa hawajulikani na tukawapenda. Kwa hiyo kujulikana sio kinachotukalisha kwenye benchi masaa mawili na joto lile.

Kinachotukalisha nawaambia. Kwenye Guardians kuna sehemu wako gerezani, Rocket, yule rakuni anayeongea, amevuliwa nguo mgongo unaonekana, vyuma vimechomekwa kwenye nyama, hakuna anayeeleza kitu, Quill, stelingi mwenyewe, anaangalia tu. Baadaye Rocket analewa anapaza sauti kwamba hakuomba kutengenezwa, hakuomba kuchanwa chanwa na kuunganishwa tena. Pale nilipoangalia mimi watu wanaoongeaga mwanzo mwisho walinyamaza, na huyo ni mnyama wa kuchorwa na kompyuta! Ukishamuonea mtu uchungu hivyo unataka kujua mwisho wake, jina lake halina maana tena. Madame Web niambieni mlimuonea uchungu nani.

Isevya_Damu (Tabora)
Dada umemaliza. Kaka wa Katonga kuhusu nembo, Eternals ya 2021 ilikuwa na nembo ile ile, ina Angelina Jolie ina Salma Hayek, bajeti kama milioni 200 ikaishia kama 402. Wametuletea mashujaa kumi wapya kwa mpigo, mtu hajashika vizuri nani ndugu wa nani vita imeanza. Guardians walikuwa watano na kila mmoja unajua kapoteza nini.

Kaka_wa_Katonga
Hapo kwenye Eternals nakubali. Ila bado nasema bajeti iendane na mtu. Blade kwa milioni 45 sawa, ungemwekea 200 ile 131 ingekuwa msiba.

Mdau_Mwanga (Kigoma)
Asanteni sana, hapa nimepata la kumwambia. Dada wa Ujiji hilo la kwamba sisi wote tulianza bila kuwajua sikuwahi kulifikiria, jumamosi naweka Blade mchana, Guardians usiku.

Ila mmenipeleka mbali zaidi. Sisi tuna Madenge, tuna Ndumilakuwili, wale wahusika wa katuni wa kwenye jarida la Sani, wazazi wetu walikuwa wanagombania lile jarida. Vijana wa sasa hawawajui kabisa na mwenye haki akikubali hakuna shabiki mdogo wa kukukaba koo ukibadilisha kitu. Madenge hahitaji sayari wala kompyuta kubwa, anahitaji mtaa, mama yake na kamera nzuri. Kuna mtu humu anajua haki za wale wahusika ziko kwa nani? Naombeni aje PM.