Hisa za kazini, UTT au hatifungani: wapi kodi inauma kidogo?

Mtu_wa_Njiro: Wakuu, habari za Jumapili. Kampuni mama yetu iko Uingereza. Tumeambiwa anayetaka akatwe laki moja na nusu kila mwezi kwa miaka 3, mwishoni anunue hisa kwa bei ya punguzo. Binamu yangu yuko Leeds, ana mpango kama huo na hakatwi kodi. Niachane na UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja?

Mhasibu_Moshi: Mkuu, msamaha huo ni wa sheria ya Uingereza. Kule mtu anaweka pauni 5 hadi 500 kwa mwezi, miaka 3 au 5, kisha anachagua: anunue hisa kwa bei iliyopangwa mwanzoni, punguzo lisizidi 20%, au achukue fedha zake. Wewe unalipa PAYE, kodi ya mshahara, hapa Tanzania. Mshahara ukipita milioni 1, kinachozidi kinakatwa 30%, kwa hiyo hiyo laki moja na nusu umeitolea jasho la kama 214,000 kabla ya kodi. Mchango wa NSSF, wa hifadhi ya jamii, ndio unaotoka kabla ya PAYE. Waulize watu wa utumishi kama punguzo la hisa litahesabiwa kwenye PAYE yako, na wakujibu kwa maandishi.

MamaKahawa: Mimi ni hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba. Unaanza na milioni 1, riba mara mbili kwa mwaka, na zile za miaka 20 na 25 riba haiguswi na kodi. Benki, akaunti ya muda maalumu wanakata 10% ya riba. Ila ukitaka kuuza mapema, bei ni ya soko, usije ukalia.

Dogo_Kijenge: Kama ni hisa, si bora za DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam? Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, linakatwa 5% tu, kampuni zisizoorodheshwa 10%. Tena kwa kampuni yako, mshahara kwao, akiba kwao! Wakiyumba unakosa vyote.

MamaKahawa: Hapo Dogo kasema.

Mtu_wa_Njiro: Nimeisoma tena barua. Ukiondoka kabla ya miaka 3 unarudishiwa ulichoweka, bila riba wala hisa. Na mkataba wangu ni wa miaka 2.

Mhasibu_Moshi: Miaka 2 kwenye mpango wa miaka 3? Kodi iweke pembeni kwanza. Dai mkataba mpya, hela ibaki UTT Mfuko wa Ukwasi, unaitoa ukiihitaji.